Jina Lililomkwama Mopi

Mzee Zhesa hakujaliwa mtoto wa kiume, na kijijini kwao hilo lilitosha watu kumwonea huruma kila sikukuu. Alikuwa na Misho tu. Binti huyo hakuolewa. Baba alipopooza, alishika mwenyewe jembe la kukokotwa na nyati wa kufugwa, kazi ya wanaume. Watu wakamcheka wee, wakaacha kucheka mpunga wake ulipoiva.

Jioni baba alimsomea majina ya ukoo, arobaini na matatu, huku wakichambua mbegu. Mwisho wa jina la baba ndio mwanzo wa jina la mwana, hivyo mnyororo haukatiki. Mwanamke hamo ndani, wala haruhusiwi kuyatamka mbele ya maiti. Misho aliyajua yote.

Siku ya mazishi ya mzee, mopi, kuhani wa kijiji, aliyaita moja moja ili marehemu ayafuate hadi kwa wazee wake. Pombe ya mahindi ilishamkolea.

"Muche akamzaa Che... Che..." Akakwama. "Kutu, sema basi! Wewe ndiye mwanamume wa ukoo."

Kutu, mtoto wa baba mdogo, akajikuna kichwa. "Babu, miaka kumi na moja mimi nabeba zege mjini. Weka Chepo, twende."

"Chepo gani? Unataka nimtupe marehemu porini?"

Pale jikoni, jirani alimshika Misho mkono. "Nyamaza, shoga. Watakufukuza."

Angenyamazaje? Baba yake yuko njiani, hana pa kukanyaga!

"Chelo!" akapaza sauti. "Muche akamzaa Chelo, Chelo akamzaa Lozhe, Lozhe akamzaa Zhesa. Mfikisheni baba yangu!"

Mopi hakumtazama. "Nimekumbuka mwenyewe," akasema, akaendelea na Chelo bila hata haya. Misho akatolewa nje, na jeneza hakuruhusiwa kulifuata. Wanaume hao hao aliowaokoa ndio waliomtoa, na mimi ninayesimulia haya, mpaka leo nikikutana nao natema mate.

Nyumba na matuta ya mpunga vikawa vya Kutu, kama desturi ilivyo. Misho akahamia chini ya nyumba, kwenye zizi la nyati. Msimu wa kupandikiza miche, Kutu akamshukia na bakuli lake.

"Dada, nifundishe yale majina. Nina mwana sasa, nisije nikaaibika tena. Ila usimwambie mtu."

Akamfundisha. Hakutaka yapotee, basi. Kutu hakuwa mjinga. Siku ya tatu aliyamwaga yote bila kujikwaa, Misho akimpakulia wali.

"...Muche, Chelo, Lozhe, Zheku, Kutu!"

"Zheku ni baba yako," Misho akasema. "Lozhe alizaa wawili. Baba yangu je?"

"Zhesa?" Kutu akapokea bakuli. "Huyo simweki, dada. Hakuacha mtu."

Misho akabaki na upawa mkononi.

"Ongeza mboga kidogo," Kutu akasema.