Vitabu vya Alasiri Nyumbani kwa Bibi

Likizo hii ya mwezi wa sita mdogo wangu wa kiume, ambaye ni mwalimu huko Dar, aliniletea vitabu vinne ndani ya mfuko wa unga. Hufanya hivyo kila mwaka. Mimi niliacha shule darasa la sita, na nadhani hii ni namna yake ya kunirudisha darasani kidogo kidogo. Kisha hupiga simu kila Ijumaa: "Dada, umefika wapi? Umeonaje?" Kwa hiyo nimezoea kuwa na maoni.

Basi nikwambie na wewe. Cha upelelezi nilikimaliza kwa siku mbili, na mboga ikaungua mara moja. Muuaji nilimjua mapema. Alikuwa na adabu kupita kiasi, na mtu anayeomba samahani kila ukurasa ana lake jambo. Cha mashairi nimekisoma kama dawa, moja asubuhi, moja jioni. Mengine sikuyaelewa, ila yamenikaa mdomoni kama ukwaju. Cha ufugaji nyuki kimenishangaza kuliko vyote. Sina mzinga hata mmoja, lakini sasa nikimwona nyuki njiani nampisha. Cha nne ni cha mizimu, na hicho ndicho kilichoniangusha. Kimeandikwa vizuri, lakini mtunzi wake anaamini wafu huja usiku wa manane, upepo ukivuma na mlango ukilia. Nilikifunga nikacheka peke yangu. Kwetu ilikuwa alasiri, baada ya chakula, jua likiwa kali uani, na hakuna mlango uliolia.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alikuwa ametangulia zamani, na mwaka ule mama akamfuata baada ya homa ya wiki moja. Tukabaki watatu kwa bibi mzaa mama, hapa Dunda: mimi, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba wetu wa kike aliyekuwa na miaka mitano. Nikaacha shule ili bibi asielemewe na kazi. Hilo sikulilia sana. Kilichotutisha ni kitinda mimba. Tangu siku mama alipotolewa ndani akiwa amefunikwa, mtoto hakusema neno. Alikula, alicheza, alikubali kwa kichwa. Sauti ndiyo haikuwepo.

Shangazi, dada yake baba, akaja kutoka Makurunge na gunia la mihogo. Akamshika mtoto kidevu, akamtazama machoni kwa muda mrefu.

"Huyu ana kitu," akasema. "Kwetu kuna fundi anayajua mambo haya. Nitamchukua, akae kwangu moja kwa moja."

Bibi akajibu kwamba mtoto ana msiba, hana pepo. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho shangazi akasema, "Haya. Shule zikikaribia kufunguliwa nitarudi. Nikimkuta anasema, namwacha. Nikimkuta hivi, naondoka naye." Hakuwa mtu mbaya, nikwambie ukweli. Alimpenda. Lakini mama, katika homa yake, aliniagiza jambo moja tu, wadogo zangu wasitawanyike. Nilikuwa na likizo moja ya kulitimiza.

Wazo la vitabu lilikuwa la jirani, mwalimu mstaafu, mwenye kasha la vitabu lililonuka mafuta ya taa kwa ajili ya kufukuza mchwa. "Msomee," aliniambia. "Atafika mahali atauliza kitu. Hakuna mtoto asiyeuliza."

Bibi alikataa. Hadithi haisimuliwi mchana, alishikilia hivyo maisha yake yote, kwa kuwa mchana watu wa kila namna wanapita, na huwezi kujua ni nani amesimama kusikiliza.

"Bibi, hii si hadithi," mdogo wangu akamwambia. "Hii imeandikwa."

"Kwani aliyeiandika alikuwa bubu?"

Tulicheka, halafu tukamwona kitinda mimba anatutazama, kicheko kikaisha. Bibi naye alimwona. Akaingia ndani, akatoka na mkeka mpana, akautandika ukumbini. "Haya, someni. Ila upande ule wa ukutani asikae mtu. Mwachieni nafasi anayepita."

Tukaanza. Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, tulikaa upande mmoja wa mkeka tumebanana kama vitumbua kwenye sinia, na upande wa pili ukabaki mtupu. Bibi alikaa kwenye kibao akisuka ukili wa mkeka, majani ya mkindu yakisema shwa, shwa. Uani kulinuka uduvi uliokuwa ukikauka. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha upelelezi. Nilisoma vibaya. Neno refu lilinikwaza, nikarudi nyuma, nikalijaribu tena. "Dada anasoma kama anavuka matope," mdogo wangu alisema, nikampiga kofi la mgongo.

Kitinda mimba alisikiliza, lakini hakunitazama mimi. Mwanzoni nilidhani anatazama ukuta. Siku ya tatu nikagundua kwamba macho yake yako chini kidogo, usawa wa uso wa mtu aliyeketi.

Wiki iliyofuata tulisoma mashairi, kisha kitabu cha mapishi ya nchi za mbali. Tulipofika kwa watu wanaochemsha samaki kwa maziwa ya ng'ombe, mdogo wangu alijifanya kutapika, na kitinda mimba akacheka. Alicheka bila sauti, mkono mdomoni, halafu akageukia upande mtupu, kama unavyomgeukia mtu ili mcheke pamoja. Ukili wa bibi ukanyamaza. Jioni nilipokunja mkeka nilipitisha kiganja upande ule. Ulikuwa na uvuguvugu, na jua halikufika pale hata siku moja.

Nilitaka kuacha. Nilimwambia bibi kwamba naogopa. Akaniuliza, "Unamwogopa huyo, au unamwogopa shangazi yako?" Kesho yake nikafungua kitabu cha safari.

Shangazi alirudi tukiwa katikati ya jangwa, msafiri wetu ameishiwa maji. Alipiga hodi, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akihema kwa joto. Mkononi alishika kanga mpya ndogo, ya mtoto kusafiria. Akavua kandambili, akaona mkeka una nafasi upande wa ukutani, akajitupa hapo. Bibi alifungua mdomo, akachelewa.

"Shangazi."

Sauti ilitoka kama bomba la mtaani maji yanaporudi, upepo kwanza, kisha mikwaruzo. Kitinda mimba alikuwa amesimama.

"Shangazi, sogea. Umemkalia."

Shangazi aliinuka polepole, bila kugusa mkeka kwa mikono, akasimama sakafuni na miguu mitupu. Akamtazama bibi. Bibi akautazama ukili wake.

"Anasema," shangazi akasema.

"Anasema," bibi akajibu.

Chai yake aliinywa amesimama. Kanga akaiacha. Mlangoni akajaribu mzaha, "Nyumba yenu imejaa, sina pa kukaa," lakini hakucheka yeye wala sisi. Alikuwa mtu wa neno lake. Jambo la kumchukua mtoto hakulitaja tena.

Alipokwisha pinda kona nikamshika kitinda mimba mabega. "Shangazi alimkalia nani?"

Akanishangaa. "Si huyo anayekusahihisha! Kila ukikosea anakusahihisha. Kwani wewe husikii?"

Maishani mwangu aliyekuwa akinisahihisha alikuwa mmoja. Nilipokuwa shule, nikisoma kwa sauti, mama alinirudisha kwenye neno kutoka jikoni, bila kuuona ukurasa, mikono yake ikikamua tui.

Bibi hayupo sasa. Nyumba ile imevunjwa, kasha la mwalimu mstaafu liliishia kwa mchwa, na watoto wa mtaani wanasoma kwenye simu, kimya, kila mmoja na yake. Kitinda mimba ni mama mzima. Anafanya kazi ya kutembeza wageni mbugani Saadani na anasema kutwa nzima. Nikimkumbusha alasiri ile anacheka. "Mimi, dada? Labda nilikuwa sitaki kwenda Makurunge." Yawezekana. Mtoto wa miaka mitano anajua kung'ang'ania kwao.

Mimi nasoma vizuri siku hizi. Mwalimu wetu wa Dar anasema nawashinda baadhi ya wenzake. Alasiri natoa kiti uani nasoma kwa sauti, na majirani wamezoea. Wakati mwingine nakosea kwa makusudi, neno moja tu. Halafu nanyamaza, nasubiri.