Kaburi la Tunda

Beldina wa Asembo hakuogopa nyuki. Aliogopa jambo moja tu, kuwa mke wa shemeji yake Zadock, na mwaka wa 1967 ilibaki kidogo tu awe.

Mumewe Oduor alifuga nyuki, naye Beldina alipika pombe ya asali. Siri ya pombe yake ilikuwa yago, lile tunda refu gumu kama rungu, alilopewa na mama mkwe likiwa limekaushwa. Ulilitia kwenye mtungi wa maji na asali, pombe ikaumuka. Ukalitoa, ukalianika, likangoja mtungi mwingine. Wanywaji walitoka mbali, hata Dunga. Wakilewa walipigana, na Beldina aliwaachanisha kwa mwiko.

Siku moja Oduor na nduguye Zadock walivuka ghuba ya ziwa kwa mtumbwi kwenda kuvuna mizinga. Zadock akarudi peke yake. Alisema kiboko kapindua mtumbwi, Oduor kazama.

Beldina akachungulia mtumbwini. Madebe matatu ya asali yalikaa wima, makavu. Ukingoni mwa mtumbwi palikuwa na damu na nywele.

"Boti ilipinduka aje na asali haikuguza maji?"

Zadock akamzaba kofi mbele ya wazee. "Nyar Alego, binti ya Alego umeolewa tu hapa, funga mdomo! Maji imekula yeye. Tuzike yago, hii maneno iishe."

Kwao, mtu akipotea ziwani na mwili usipatikane, huzikwa yago badala yake. Likishafukiwa, kesi imekwisha, na mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu. Wazee, waliokunywa pombe ya Beldina bure miaka yote, wakatazama chini wakakubali. Aibu yao!

Zadock akaupiga mtungi teke, ukavunjika, akaliokota yago likichuruzika. "Hii inatosha." Beldina akaling'ang'ania. Akala ngumi, jino likatoka.

Asubuhi Zadock aliingia shimoni mwenyewe kumalizia kuchimba, chini ya mti wenye mzinga mkubwa kuliko yote ya Oduor. Kaburi lilimfika mabegani. Beldina akatoka jikoni na panga la mumewe. Watu walidhani anamwendea Zadock. Akapita, akafika kwenye shina, akakata kamba iliyoushikilia mzinga.

Gogo la mzinga lilianguka kwenye mdomo wa kaburi, likapasuka. Waombolezaji walitawanyika, wengine wakajitosa ziwani. Zadock alipiga mayowe akiparamia kuta, udongo ukimporomokea usoni. Beldina alisimama palepale, nyuki wakimuuma, akiliita jina la mumewe kwa uchungu. Mayowe yalichukua muda kuisha.

Jicho la kushoto la Beldina halikupona tena. Polisi walipouliza, wazee walisema kamba ilikuwa imeoza. Angalau safari hiyo walisema kitu.

Zadock alizikwa palepale alipofia. Yago halikuwahi kufukiwa; Beldina aliliosha, akalianika juani. Miaka kumi baadaye bado alilipikia pombe, na kila mtungi ulipoiva, kata ya kwanza aliimwaga ziwani kwa Oduor, kwa kuwa ndani ya kaburi lake alikuwa amelala aliyemuua.