Maji ya Kifuuni

Jumatano ya wiki jana, katika Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, tulimzika mama yangu hapa Mtongwe. Nilichokikosa kwanza si sauti yake, kwani hakuwa mtu wa maneno mengi. Ni harufu ya maji yake. Kila asubuhi aliweka kaa la moto kwenye kigae, akatia chembe za ubani, kisha akaupindua mtungi mtupu juu yake mpaka moshi ukaenea ndani. Maji yakitiwa humo yalikuwa baridi, yananukia, na hata leo nikipita panapofukizwa ubani husikia kiu kabla sijakumbuka jambo lingine lolote.

Hatukuanza hivyo. Nilipokuwa mtoto wa kama miaka kumi, kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku, nyumba yetu ilikuwa ya plastiki kama nyumba za jirani zote. Vikombe vyetu vilikuwa vyekundu na vya kijani, vimesuguliwa kwa mchanga mpaka ndani vikawa na utando mweupe kama ulimi wa mgonjwa. Kikombe kikipasuka kilitupwa jaani nyuma ya nyumba, na jioni mama alilitia jaa moto. Moshi wake mweusi uliingia moja kwa moja chumbani kwa ndugu yangu Omari, mwenye pumu. Siku moja Omari alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Mama alimpakata hadi pumzi zikarudi, kisha akatoka na ndoo akauzima ule moto. Akasimama pale akitazama vikombe vilivyoyeyuka nusu. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Sisi chetu twakinywea." Tangu siku hiyo hakununua tena chombo cha plastiki cha kunywea.

Bilauri tulizivunja zote upesi, watoto tulikuwa wengi. Vikombe vya bati vikabaki vya chai. Kwa maji, mama aliangalia kile tulichokuwa tukikitupa kila siku baada ya kukuna nazi. Alichagua nusu ya kifuu isiyo na macho, maana yenye macho huvuja, akaikwangua kwa kipande cha chupa, akaisugua kwa majani ya msasa, kisha akaipaka mafuta ya nazi mpaka ikang'aa kama kokwa ya ukwaju. Nilipenda kukaa karibu naye akifanya kazi hiyo. Unga wa kifuu ulimwagika mapajani mwake, na alipomaliza kimoja alikipitisha mdomoni taratibu, asije mtoto akajichoma. Kila mmoja wetu alikuwa na chake, na kila kimoja kilitundikwa kikiwa kimeinamishwa mdomo chini.

Lakini kwetu pwani kifuu ni chombo cha tembo la mnazi. Wanywaji wa mangweni, kwenye vilabu vya pombe hiyo, ndio wanaoshika vifuu, na sisi tulikuwa nyumba ya Waislamu. Siku chache tu baada ya vifuu kuanza kuonekana barazani, mwanamume mmoja tusiyemjua alikuja akapiga hodi.

"Mama, nasikia mzigo wa leo mtamu. Nitilie kimoja."

Mama akachota, akampa. Yule mtu akapiga funda moja, akachungulia kifuuni. "Mama, haya ni maji."

"Ndiyo, mwanangu. Nikuongeze?"

Jirani yetu Bi Mwanakombo alikuwa akitazama yote kupitia ua wa makuti. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," akasema. "Wewe wasifiwa kwa maji, shoga. Tembo utalitia lini?" Mama alicheka naye, lakini kesho yake ndipo alipoanza kufukiza mtungi ubani.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Dada yangu mkubwa, Mwanamisi, alikuwa amechumbiwa, na wanawake wa upande wa mume wangekuja kutoka Jomvu Kuu siku ya Ijumaa kukamilisha maneno. Ni watu wa dini, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kama wangesikia kwetu kunauzwa tembo, posa ingevunjika. Dada alilia, akamwomba mama aazime vikombe vya plastiki vya Bi Mwanakombo, vile vyenye maua, kwa siku hiyo moja tu. Mama akamjibu, "Nikivificha vifuu leo, nitakuwa nimekubali walisemalo."

Ijumaa wageni walifika. Mbele alikuwa Bi Zuhura, mama wa bwana harusi, mwanamke mnene, mzito wa kucheka. Mama alimpa maji kwa mikono miwili. Bi Zuhura alikitazama kifuu, kisha, mbele ya watu wote, akakisogeza puani. Nyuma ya pazia dada aliubana mkono wangu mpaka ukaniuma.

"Nusa tena, dada yangu," mama akasema kwa upole. "Usinywe mpaka uridhike."

Bi Zuhura akanusa tena, safari hii kwa muda. "Ubani," akasema. "Wallahi nilikuja na neno kifuani. Sasa sina." Akanywa, akaomba cha pili. Maneno ya posa yalikwisha kabla pilau haijapakuliwa.

Juzi, kwenye hitima, wema wa watu ulituletea katoni nyingi za maji ya chupa. Siwalaumu, nami niliyanywa. Wageni walipoanza kuondoka nilipita na gunia nikiokota chupa, nyingi zikiwa na maji nusu, na nikajua mama hangesema kitu, angeokota tu. Vifuu vyake vitatu bado vinaning'inia ukutani. Omari, ambaye sasa ni baba wa watoto, alikuwa nje akikunja mikeka.

Bi Zuhura, sasa mzee wa kushikwa mkono, aliisukuma kando chupa aliyopewa, akanionyesha ukutani. Nikakiangua kifuu kimoja, nikakisuuza, nikamchotea maji mtungini. Akakisogeza puani kama siku ile.

"Hayanuki," akasema.

Nikamwambia hakuna aliyeufukiza mtungi tangu mama augue. Akanywa yote, akanirudishia kifuu, akaniuliza mama alikuwa akiuweka wapi ubani wake.