Waya wa Georgina

Wifi yangu Georgina hamwamini mtu, na sisemi hivi kwa kumchongea, mwenyewe anajisifia. Alizaliwa Kagoma, Muleba, akaolewa na mdogo wangu Lwakatare huku Kagondo, na tangu aingie kwetu kila mgomba wenye mkungu unaokaribia kukomaa una alama ya kisu chake. Ukimsalimu kwa furaha kuliko kawaida, anakuuliza unataka nini. Nimeishi naye kwa kumtania, maana ukimchukulia kwa uzito utaugua bure.

Ana chumba cha kuchapa kazi za watu pale Kashai, na humo mlikuwa na kompyuta aliyoachiwa na marehemu mumewe. Lwakatare alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango. Nyimbo alizitunga kichwani na kuzifundisha kwa mdomo, hakuandika hata moja. Alipofariki, sauti yake ilibaki ndani ya kompyuta ile tu: anaimba, anakohoa, anawagombeza waimbaji. Nilimwomba Georgina aniwekee japo wimbo mmoja kwenye simu. Akasema, "Wifi, simu yako inashikwa na kila mtu." Iliniuma, sifichi. Alikuwa mume wake, sawa, lakini nani alimbeba mgongoni akiwa mtoto?

Derick, fundi wa kompyuta wa mlango wa pili, alikuwa akiimba besi kwa Lwakatare. Kompyuta ilikuwa kuukuu, akaiwekea Linux, mfumo mwepesi, ili isielemewe.

"Mama, diski ikifa, vyote vimekufa," alimwambia. "Nitakutengenezea folda ya pamoja kwenye mashine yangu. Tunaunganisha kwa waya, nakala zinakaa kwangu."

"Ya pamoja na nani?"

"Ni jina tu, mama. Utaifungua kwa nywila yako."

"Na wewe?"

"Sitaigusa."

"Ukiigusa nitajua."

Siku ya kuunganisha alimsimamia kijana wa watu bila hata kukaa. Alitoka mara moja tu, kununua senene wa kukaanga barabarani, na kile kitambo kidogo kikamkaa rohoni. Kila nilipomtembelea: "Wifi, nilipotoka pale, unadhani alifanya nini?" Nikamwambia labda alipumua. Hakucheka.

Hata hivyo kila Jumamosi alihifadhi nakala zake. Alibonyeza, kompyuta ikaandika kwamba kazi imekamilika, naye akafanya ishara ya msalaba.

Masika haya radi ilipiga karibu na chumba chake, na diski ikafa. Derick alihangaika nayo mpaka akakata tamaa. Georgina hakuogopa, si nakala zipo? Wakaunganisha kompyuta nyingine, akaandika nywila yake, na folda ikafunguka ikiwa tupu.

Nilikuwepo, na niliona aibu. Wifi yangu alipaza sauti hadi bodaboda wa nje wakageuka. "Mwizi! Nilijua tangu siku ile ya senene! Umempeleka wapi mume wangu?"

Derick alivumilia, akaizima kompyuta, kisha akasema, "Waitu, tafadhali mama, fanya mbele yangu kama unavyofanya kila Jumamosi. Anza na kuwasha."

Georgina akainama. Kabla hata ya kuwasha, mkono ulikwenda nyuma ya kompyuta na kuuchomoa ule waya.

"Mbona umechomoa?"

"Usije ukachungulia nikiwa nanakili."

Derick akatafuta pa kukaa. Akatueleza taratibu: folda ile kwenye kompyuta ya mama ni mlango tu wa kuja kwake. Waya ukichomolewa mlango umefungwa, lakini jina linabaki pale pale, na kila unachoweka kinaangukia ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Mashine haikudanganya iliposema imekamilika. Ilinakili kutoka kwenye diski ile na kurudisha kwenye diski ile ile, ambayo sasa imekufa.

"Basi hata mara moja hazikufika kwako?" Georgina aliuliza kwa sauti ndogo. Bado alikuwa ameushika waya. Nilitaka kumsema, nikaishia kulia.

Derick akatoka. Nilidhani amekasirika kwa kuitwa mwizi, na nisingemlaumu. Alirudi na flashi, haangalii mtu.

"Mama, nisamehe. Siku ile ulipotoka kununua senene, nilinakili moja. Ni ile aliyonigombeza. Nilitaka kubaki na sauti yake."

"Nilijua!" Georgina akasema, lakini alikuwa tayari amevuta kiti.

Derick akaichomeka. Lwakatare akakohoa, kisha akasema, "Derick, hiyo si besi, huko ni kukoroma. Rudia." Akaimba mwenyewe mstari mzima, polepole, kama alivyokuwa akiimba akikata majani shambani. Katikati akanyamaza. "Georgina, hiyo simu inarekodi? Si nilikukataza? Zima." Akasikika mwanamke akicheka, na sauti ikakatika.

Sikuweza kujizuia. "Kumbe na wewe ulimwibia!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Georgina, naye akicheka kicheko kile kile cha kwenye kompyuta. Akainama nyuma ya kompyuta, akauchomeka waya mahali pake, akaubonyeza kwa kidole gumba kuhakikisha umeshika.

"Derick," akasema, "mwekee na wifi kwenye simu yake."