Satelaiti ilipita sisi tunasikiliza hotuba

Wakuu, salamu kutoka Unguja. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na sehemu inayoniaibisha sikuiondoa.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, nakaa mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini. Si mwanajeshi. Mwaka jana niliombwa kuwafundisha kadeti, yaani vijana wanaosomea uofisa jeshini, somo la kufuatilia vitu vilivyoko angani: satelaiti, mabaki ya roketi na takataka nyengine zinazoizunguka dunia.

Wengi hudhani kazi hiyo ni darubini tu. Kazi kubwa ni hesabu. Unachukua data za mahali kitu kilipoonekana mara ya mwisho, unakokotoa kitakuwa wapi baadaye. Data zikichakaa, jibu linakwenda kombo, na kila mzunguko linazidi.

Hilo niliwaandikia ubaoni siku ya kwanza, kwa mkono wangu.

Kadeti ni wanafunzi wazuri. Hawachelewi, hawasinzii. Ila hawaulizi. Ukisema mmefahamu, wote wanaitikia ndiyo mwalimu. Mwanzoni nilifurahi. Aliyewahi kusomesha watoto sitini wa fomu tuu, yaani kidato cha pili, atanielewa.

Mwisho wa kozi mkuu wa mafunzo akataka kujionea. Yeye ndiye angeamua somo liendelee au lifutwe. Nikapanga onyesho uwanjani, baada ya sala ya magharibi: satelaiti itapita juu yetu saa moja na dakika ishirini.

Tukajipanga. Mkuu akazungumza kidogo na vijana. Dakika ikafika, shingo zote juu.

Hakuna kitu.

Dakika tano. Kumi. Ofisa mmoja, kwa kunionea huruma, akasema labda ni wingu.

Wakuu, nikalidaka lile wingu. Nikasema ndiyo, upande wa kaskazini pana utando. Mkuu akaondoka.

Asubuhi yake kadeti mmoja, Riziki, binti mpole wa kisiwa cha Tumbatu, akabaki darasani wenzake walipotoka. Akanionesha daftari. Alikuwa amepiga hesabu ileile kwa data mpya. Mimi, kwa haraka za maandalizi, nilitumia za wiki mbili nyuma. Satelaiti ilikuwa imeshuka kidogo, ikaongeza kasi, ikatuwahi kwa dakika nne.

"Nliiona, mwalimu," alisema taratibu. "Ilipita nyuma ya mkuu alipokuwa anazungumza."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Wewe ulishasema saa moja na ishirini."

Nasema kweli, wazo la kwanza lililonijia ni kwamba hakuna mwengine anayejua. Riziki asingemwambia mtu. Nikatoka, nikazunguka soko la Darajani hadi adhuhuri, sinunui kitu, watu wananisalimia nawajibu ovyo.

Alasiri nikamwomba Riziki twende pamoja kwa mkuu. Nikamweleza mkuu kuwa hapakuwa na wingu, kosa ni langu, na aliyepata jibu ni huyu.

Nilitarajia afoke. Akalisoma daftari kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Riziki.

"Ingekuwa kitu kinachotuangukia, ungenyamaza?"

Riziki akasimama wima.

"Jana ningenyamaza, afande."

Mkuu akafunga daftari, akamrudishia. Akaamua somo liendelee, lakini kila hesabu yangu ikaguliwe na kadeti wawili kabla haijatoka darasani.

Nilichojifunza ni hiki. Ule ukimya wa darasa niliuhesabu kuwa heshima. Niliwafundisha kukokotoa, sikuwafundisha kunikatalia, na katika kazi hii hilo la pili ni nusu ya somo.

Kundi jipya lilipoanza niliwaeleza kisa chote, wingu na yote. Wiki ya pili kijana mmoja akasimama, akasema namba ya tatu ubaoni si sahihi. Nikaikagua mbele yao. Ilikuwa sahihi. Nikamshukuru, naye akakaa, na nyuma yake mkono mwengine ukanyooka.

Walimu, askari, na nyinyi wenye watu chini yenu: mnafanyaje ili mtu aweze kukwambieni mmekosea? Na wewe uliyewahi kunyamaza na jibu unalo, ilikuwaje? Tuelezane hapa.