Waridi za Mama Kwenye Kioo cha Kenta

Mume wangu Donati akipata tatizo halitatui, analinunulia kifaa. Paa lilipovuja upande wa kitanda hakupanda kugonga msumari. Alileta beseni lenye mfuniko aliokwisha kuutoboa katikati, ili matone yasiturushie maji. Jogoo wa jirani alipomsumbua hakwenda kusema na jirani. Alinunua vidude vya kuziba masikio, akawa hasikii hata nikimwita kula. Ni mtu mzuri, sikatai. Halewi, hanipigi, misa hakosi. Lakini kumwambia mtu neno linaloweza kumkunja uso, hilo hawezi. Atalizunguka bonde zima la Kilombero kwa miguu ili asilitamke.

Ni dereva wa Kenta, lori dogo la mizigo. Anabeba mpunga kutoka Lupiro, anavuka daraja pale Kivukoni, anashusha kwenye mashine ya kukoboa ya tajiri wake, Martin, hapa Ifakara. Gari ni la Martin, ila ungemwona Donati anavyolitunza ungedhani amelizaa mwenyewe. Kila asubuhi, hata chai hajanywa, yuko nje na tambara na ndoo. Anafuta kioo, usukani, vitasa, mpaka chini ya kiti ambako hakuna jicho la mtu litakalofika. Vumbi la barabarani linamrudia kila siku, naye kila siku analifuta tena. Nikimsema ananijibu, "Mama Jenifer, gari chafu ni aibu ya dereva, si ya tajiri."

Juu ya dashibodi alitandika kitambaa cheupe cha kufuma, chenye waridi pembeni na pindo refu. Ni kazi ya mikono ya mama yake, mama mkwe wangu Agnetha, anayekaa Lupiro. Padri alipokuja kubariki gari kitambaa kilikuwa palepale, kikanyunyiziwa maji ya baraka pamoja na matairi. Tangu siku hiyo hakijaondoka isipokuwa kwenda kufuliwa, na anayekifua ni nani? Mimi, Balbina. Nakifua, nakitia wanga, nakipiga pasi. Kinang'aa mpaka kinaumiza macho.

Sasa Martin akaona wenzake wamefunga kamera kwenye magari yao, naye akafunga. Ni kamera ndogo, inabandikwa kwenye kioo cha mbele kwa ndani, inarekodi barabara muda wote gari linapotembea. Jioni ya kwanza Donati akafungua video kwenye simu tuitazame. Barabara ilikuwepo, ndiyo, kwa mbali. Mbele ya barabara, mbele ya mashamba na miti, kilining'inia kitambaa cha mama, pindo na waridi zake zote. Jua lilikuwa likikipiga, weupe wake unarudi kwenye kioo, na kamera inaona maua badala ya njia.

Mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angekitoa kitambaa, basi, habari ikaisha. Mume wangu alifunga safari mpaka Lupiro kwenye mvua, akamwonyesha mama yake ile video! Bibi wa watu akapiga vigelegele. "Kumbe kinatangulia!" akasema. "Kitambaa changu kinakwenda mbele ya gari kama malaika!" Donati alirudi kalowa chapachapa, anacheka mpaka jino la mwisho.

Nikamwambia, "Baba Jenifer, hapo umejifunga kamba mwenyewe. Sasa utakitoaje?"

"Nani kasema kinatoka?"

Jamani! Nilikwenda kusonga ugali nisije nikasema la kusema.

Haukupita muda mrefu. Wakati wa mavuno, karibu na daraja, bodaboda mmoja alikuja kasi akaichuna Kenta ubavuni, akaanguka, akainuka akiapa kwa mbingu na nchi kwamba Kenta ndiyo iliyomfuata upande wake. Trafiki akasema, "Si mna kamera? Tuone." Wakafungua. Waridi. Waridi tupu, na nyuma yake kitu kama pikipiki, au kama ng'ombe, ungeweza kuapa chochote. Kosa likamwangukia mume wangu, ambaye katika maisha yake hajawahi kulipita hata baiskeli bila kupiga honi kwa adabu.

Martin alikuja nyumbani amevimba. "Donati, nimefunga kamera ili inilinde, wewe unaifunika uso. Watu wanasema unaficha unavyoendesha. Jumapili baada ya misa nakuja hapa kuangalia. Nikikuta maua tena, unanipa ufunguo, gari anachukua Faustino."

Faustino ni shemeji yake Martin, kijana ambaye gari lolote aliloliendesha lina kumbukumbu yake kwenye bodi.  Kwetu ufunguo ule ndio jiko, ndio shule ya Jenifer huko Mahenge. Martin alipoondoka tu nikamgeukia Donati. "Toa kitambaa."

"Mama atasikia vibaya."

"Basi nimwambie mimi."

"Usithubutu, Balbina!" Na mume wangu huwa hapandishi sauti. "Yule ni mzee. Furaha yake ni ile. Niachie mimi, nina njia."

Njia! Nilijua mara moja kuwa kuna kitu kinanunuliwa.

Kweli, baada ya siku mbili kikaja kifurushi kwa basi kutoka Kariakoo. Ndani yake kikasanduku, ndani ya kikasanduku pete nyeusi yenye kioo cheusicheusi kama cha miwani ya jua. "Filta," Donati akaniambia, ameishika kama anayeshika komunyo. Inachomekwa mbele ya jicho la kamera, inakata mng'ao unaorudi kwenye kioo. Muuza duka alimweleza kwa simu na mimi nikasikia kwa masikio yangu, maana aliweka spika: "Kaka, hiyo pete inazunguka. Izungushe taratibu huku unatazama picha. Kitambaa kikipotea, iache hapohapo. Usiiguse tena."

Tukatoka nje juani. Akazungusha, mimi nikitazama. Na nisiseme uongo, nilishangaa. Waridi zilififia, zikafifia, zikapotea. Ukabaki mpapai wa jirani, kamba ya nguo, kuku mmoja mmoja, vyote safi. Kitambaa kipo palepale juu ya dashibodi na kwenye picha hakimo! Donati akanitazama kama mtu aliyeshinda uchaguzi. "Umeona? Mama ana kitambaa chake, tajiri ana barabara yake." Nikamwomba radhi kimoyomoyo. Kwa mdomo, sikumpa raha hiyo.

Kesho yake jioni tukafungua video. Waridi.

Akarekebisha, picha ikarudi nzuri. Siku iliyofuata, waridi. Akampigia muuza duka, akambembeleza badala ya kumgombeza, "Samahani sana kaka, nisikusumbue, lakini filta yako inachoka." Filta inachoka! Kama punda! Muuza duka akasema haijawahi kutokea. Donati akaanza kuulizia ile ya bei ya juu zaidi. Hapo nikasema hapana, kesho nitaamka naye.

Ijumaa asubuhi nikasimama mlangoni na kikombe changu. Donati na tambara lake. Akafuta usukani. Akafuta kioo. Akafika kwenye kamera, akaipulizia pumzi, akaanza kuisugua duara, duara, duara, kama anayesugua masizi ya sufuria. Na pete inazunguka naye!

"Donati! Unafanya nini?"

"Nafuta vumbi."

"Unazungusha!"

Akautazama mkono wake kama si wake. Hata hasira ziliniishia, nikacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha nikaleta rangi yangu ya kucha, nyekundu. Tukaiweka pete sawa, nikapaka kidoa kimoja kwenye pete na kingine kwenye kamera, vikitazamana. Nikamwambia polepole, kama ninavyomwambia mtoto: "Vidoa hivi vikae hivihivi. Usiiguse pete." Akaitikia, "Sawa, mama." Jioni video ikawa safi. Jumamosi safi. Nikalala usingizi wa mtu asiye na deni na Mungu.

Jumamosi hiyo alirudi na mama yake kutoka Lupiro ili tusali wote Jumapili. Agnetha alishuka kwenye gari, na kabla ya kufunga mlango akakipapasa kitambaa chake. "Kinakupeleka vizuri, baba?" "Vizuri sana, mama." Mimi nikampokea kapu lake, nikamwamkia shikamoo, nikaingia nalo ndani.

Jumapili tumetoka misa, Martin huyo. Akasalimu, akampa mama shikamoo yake, akaomba ufunguo, akalizungusha gari mpaka kwenye mashine na kurudi. Akashuka, akafungua video kwenye simu. Sikuhitaji hata kusogea. Niliona kwa uso wake.

"Maua," akasema.

Nikakimbilia kwenye gari. Pete imekaa upande, na vidoa vyangu havipo. "Donati, alama zangu ziko wapi?"

"Zile nyekundu?" Akashika kichwa. "Leo Jumapili, nilitaka gari liwe safi kabisa. Nilizitoa kwa spiriti."

"Nilikwambia usiiguse!"

"Ulisema nisiiguse pete. Pete sikuigusa, nilifuta uchafu tu."

Yesu na Maria! Niliangalia mbinguni, nikaangalia chini, kote sikuona msaada. Donati akaruka ndani ya gari, akazungusha pete, maua yakapotea. "Umeona, tajiri? Inafanya kazi."

"Na kesho ukifuta?" Martin akauliza. "Mimi nataka gari, sitaki mazingaombwe." Akanyoosha kiganja. Ufunguo alikuwa amemrudishia Donati aliposhuka. Sasa aliutaka tena.

Donati akamtazama mama yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini, gauni lake la misa, mikono juu ya magoti. Nikamwona mume wangu anaingiza mkono mfukoni. Anautoa ufunguo! Mtu yuko radhi kutoa jiko la nyumba yake, shule ya mwanawe na gari alilolifuta miaka yote, ilimradi asiseme sentensi moja!

Nikapasuka. "Mama! Kitambaa chako kinamfukuzisha kazi mwanao! Kinaziba kamera! Amenunua vikorokoro, ameamka alfajiri, amedanganya, yote kwa sababu anaogopa kukuambia kitoke pale!"

"Balbina!" Donati akalia.

 Agnetha akainuka taratibu, akaenda kwenye gari, akakanyaga ngazi, akakivuta kitambaa kwa mkono mmoja, akashuka nacho. Akakikung'uta.

"Donati. Unadhani sijui kwamba kioo kinarudisha picha? Nimechota maji mtoni tangu sijaota meno ya pili, uso wangu nauona majini, sikuwahi kusema ni malaika."

"Lakini mama, ulipiga vigelegele."

"Ulikuja kutoka Ifakara na mvua ile kunionyesha simu! Umelowa, unatetemeka, unacheka. Ningekuambia nini? Kwamba nimeona kitambaa tu?" Akakikunja mara mbili. "Na hiki ni cha meza yangu. Siku ya baraka nilikuja nacho kimefunika kapu la maandazi. Wewe ukakichukua, ukakitandika mbele ya Padri. Nikaona umefurahi, nikanyamaza. Meza yangu iko uchi mpaka leo."

Nilikaa chini. Nilikaa palepale mchangani na gauni langu la misa. Nikamtazama mama, nikamtazama mwana, nikaelewa nilikoolewa.

Martin naye alikuwa ameinamisha uso, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Akauchukua ufunguo mkononi mwa Donati, akaingia kwenye gari, akalizungusha tena, akarudi na video. Barabara, mashine, mbuzi wa mtu, vyote vinaonekana. Akamrudishia Donati ufunguo kiganjani. "Kaa nao," akasema. "Na mfundishe mkeo kupaka rangi isiyotoka kwa spiriti."

Alipoondoka, Agnetha akakitia kitambaa kwenye kapu lake. Donati alisimama pale, anauzungusha ufunguo kidoleni. Nilijua anatafuta ni kitu gani akanunue. Kisha akautia ufunguo mfukoni.

"Mama," akasema. "Mimi sikukiweka ili ufurahi. Nakipenda mwenyewe. Nikiwa peke yangu njiani huko, nakipenda kiwe karibu."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akimwambia mama yake. Bibi alimtazama, macho yakamjaa, hakuyafuta. Akakitoa kitambaa kapuni, akapanda tena kwenye gari, akakitandika nyuma ya kiti cha dereva, pale mabega yanapoegemea, akakinyoosha pindo kwa kiganja.

"Basi kikae mgongoni," akasema. "Kisikuzibe macho. Meza nitaifumia kingine."

Kiti kilikuwa palepale siku zote hizo, jamani. Palepale.