Miaka Minne ya Kulia Redioni

Kwa miaka minne nililia kila Jumamosi saa kumi alasiri, katika studio ndogo mjini Kasese. Nililia kwa kufukuzwa, kwa kufiwa, kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi zaidi kwa kusamehe. Nilikuwa mke katika mchezo wa redio wa Kiswahili, na mke wa mchezo ule hakuwa na kazi nyingine.

Siku za kazi nilikuwa mtu mwingine kabisa. Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi katika kiwanda cha saruji, akaoa huku, akabaki huku, nami nikakua na Kiswahili nyumbani na Lhukonzo, lugha ya wenyeji, njiani. Nilikuwa mnunuzi wa kahawa wa chama kimoja cha wakulima. Nilipanda milima ya Kyondo kwa pikipiki, mizani mgongoni, nikabishana na madereva wa malori, nikakataa gunia lenye unyevu hata kama mwenye gunia ni mzee wa kanisa. Sikumbuki kulia hata siku moja kule juu. Lakini Jumamosi ikifika nilivua viatu vyenye matope, nikaketi mbele ya maikrofoni, na mwandishi wetu akanipa karatasi zangu. Karibu kila ukurasa ulikuwa na neno moja kwenye mabano: analia.

Mwandishi huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa mtu mwema. Alifika kabla yetu, akafuta meza kwa leso yake mwenyewe, akatupangia viti. Aliamini tu kwamba hadithi ina sheria zake. Mwanaume awe na sauti nene, asiogope kitu, na akikosea asiombe radhi mpaka augue karibu kufa. Mwanamke awe mrembo, mvumilivu, na asubiri.

"Wasikilizaji wanataka mtu wa kumwogopa na mtu wa kumwonea huruma," alituambia. "Mkiwapa hao wawili, hawahami stesheni."

Mume wangu wa redioni alikuwa fundi cherehani wa Kilembe. Aliishi na mke wake na binti zao wawili katika zile nyumba za zamani za wachimba shaba. Mungu alimpa sauti nzito isiyolingana na mwenyewe, maana alikuwa mtu wa haya. Kila alipopaswa kunipiga kofi alipiga kiganja chake mezani, na kipindi kikiisha aliniomba radhi. Mchezo ulimletea shida kazini. Siku moja alinieleza kwamba mama mmoja alikuja kuchukua gauni, akamwambia aliweke juu ya meza, kisha arudi nyuma hatua mbili.

"Anafikiri nitampiga," alisema.

Tulicheka sana siku ile. Kwangu mimi kicheko kiliishia Bwera.

Nilikwenda huko siku ya soko kutafuta magunia. Soko la mpakani hujaa watu wa ng'ambo, kutoka Kongo, na Kiswahili chao kina ladha yake. Niliuliza bei, na mama aliyekuwa akiuza magunia akaacha kukunja.

"Sauti hii naijua," alisema. "Si ni weye ule bibi wa ku radio?"

Nikasema ndiyo. Kabla sijaongeza neno, wanawake wa meza za jirani walikuwa wamekuja. Mmoja alinishika mkono akanipa pole. Mwingine alinitilia nyanya kwenye mfuko, akasema nikapike nile, kwa sababu wiki iliyopita alisikia nimenyimwa chakula. Nilijaribu kueleza kwamba ule ni mchezo, kwamba nyumbani nakula vizuri. Wakanitazama kwa huruma zaidi, kama mtu anayeficha aibu ya ndoa yake.

Mama wa magunia hakunipa pole.

"Mimi niliacha kukusikiliza," alisema. "Nilikuwa na bwana wa vile. Nikachukua batoto, nikatoka, nikaanza hii kazi. Weye miaka yote uko unalia tu. Lakini mutoto yangu mwanamuke anakusikiliza kila juma. Juzi nilimukuta mbele ya kioo, iko analia kama weye. Nikamuuliza, unalia nini? Akasema, mama, bibi muzuri iko analia hivi."

Nilifunga magunia yangu nikatafuta gari la kurudi Kasese, na njia nzima nilikuwa na hasira. Kwanza nilimkasirikia yeye. Tulipofika mjini nilikuwa nimejikasirikia mimi, kwa sababu nilikuwa nikijivunia kilio changu. Watu waliniambia hakuna mwanamke Uganda nzima anayelia vizuri kama mimi, nami nikachukua maneno hayo kama sifa.

Jumamosi iliyofuata nilimsimulia fundi tukiwa tumekaa nje ya studio. Hakushangaa. Aliinama, akawa anang'oa nyuzi zilizokwama kwenye suruali yake, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amenieleza muda wote tuliofanya kazi pamoja.

Nilijua kwamba mwaka uliotangulia mto Nyamwamba ulipofurika, nyumba yao iliingiwa na maji. Wote tuliwachangia nguo na sufuria. Sikujua kilichotokea ndani.

"Nilisikia mawe yanagongana mtoni," alisema. "Maji yakaanza kuingia chini ya mlango. Miguu yangu ikakataa. Nilisimama tu nimeshika cherehani. Mke wangu aliusukuma mlango kwa mgongo, akamtoa mtoto mmoja. Akarudi akamtoa wa pili. Mara ya tatu alirudi kunichukua mimi. Alinishika ukosi wa shati akanivuta nje kama mbuzi."

"Na baadaye?"

"Baadaye tukalala darasani na wenzetu waliopoteza nyumba. Sasa yeye ndiye akashindwa. Alikuwa anasikia maji hata jua likiwaka. Hakula. Mimi nilipika, nikaogesha watoto, nikawasuka nywele, nikakaa naye mwezi mzima nimemshika mikono. Hilo niliweza."

Nikamwambia huo ndio mchezo tunaopaswa kuucheza. Akasimama. Tukaingia ndani pamoja kumwona Mwalimu.

Nilimweleza Mwalimu hadithi bila kusema ni ya nani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mwanaume anayesimama tu watamcheka," alisema. "Na mwanamke anayemvuta mume wake kwa ukosi, nani atampenda? Watu wa namna hiyo hawako."

"Mwalimu," fundi alisema, "huyo mwanaume ni mimi."

Aliyasema kwa ile sauti yake nzito, bila kuipandisha. Mwalimu alishusha macho kwenye karatasi zake na kuzipanga, ingawa zilikuwa zimepangika tayari.

"Haya, andikeni ninyi," alisema mwishowe. "Kipindi kimoja. Wasikilizaji wakikataa, tunarudi tulikokuwa, na sitaki malalamiko."

Tuliandikia juu ya meza ya kukatia vitambaa, kwenye kibanda cha fundi. Nilidhani itakuwa kazi rahisi, maana nilijua nisichokitaka. Baada ya wiki mbili tulikwenda nyumbani kwake kumsomea mke wake, kwa kuwa maisha yalikuwa yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye mabega ya mtu aliyelima tangu utoto. Alitupakulia bundu, ugali wetu wa muhogo, pamoja na maharage, akaketi, akasikiliza.

Katika karatasi zangu mwanamke yule hakuogopa kitu. Alivunja mlango kwa teke, akambeba mume wake begani, akawatolea majirani hotuba juu ya mvua. Alikuwa mrembo pia, nywele zake ndefu zikipepea. Mume alikuwa mjinga wa kuchekesha, akiita mama yake huku anazunguka meza.

Nilipomaliza, mke wa fundi alifuta mikono yake kwa khanga.

"Dada, umebadilisha nguo tu," alisema. "Nguo za bwana umemvika bibi. Za bibi umemvika bwana, tena umemuongezea upumbavu."

Alisema kweli.

"Mimi niliogopa," aliendelea. "Nilijikojolea pale mlangoni. Niliogopa, na nikabeba watoto. Vyote viwili pamoja. Na huyu hakuita mama yake. Alinyamaza. Ningesikia anaita, ningekasirika, lakini alinyamaza, na mimi nikajua amekwama, si kwamba hatupendi. Andika hivyo. Na uniache na sura yangu. Sijui hizo nywele zinazopepea umezitoa wapi."

Fundi alicheka mpaka akaweka sahani chini. Kisha mke wake akacheka, nami pia. Siku ile ile nikachana kurasa zote. Tulianza upya, na mara hii yeye alikaa nasi mezani, anatuambia nini kilitangulia na nini kilifuata.

Jumamosi ya kipindi chetu Mwalimu aliketi pembeni, mikono imekunjwa. Mchezo ulienda hewani moja kwa moja, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kukosea. Fundi alifika penye maneno ambayo mume anajiambia moyoni, "siwezi kutembea, nimeogopa", na sauti yake ikatetemeka kweli. Fundi mitambo wa studio aliinua kichwa kutoka kwenye vitufe vyake. Ikafika zamu yangu. Koo langu, lililozoea kazi yake kwa miaka minne, likajikaza tayari kwa kilio. Nikakimeza. Nikasema kwa pumzi fupi, kama mke wake alivyonifundisha, "Nishike hapa. Hatua moja. Ya pili. Usitazame maji." Nilisema kama mtu aliyekwisha kutoa watoto wawili na bado ana kazi mbele yake.

Tulipomaliza, mtangazaji alisema kisa kile ni cha kweli, kisha akafungua simu, kama ilivyokuwa desturi. Dakika nzima simu haikulia. Niliangalia saa ya ukutani. Kisha ikalia, na sauti ya mwanaume ikasema, "Mimi nauliza, huyu bwana ni wa wapi? Mwanaume wa hivyo hayuko." Akakata.

Niliona kidevu cha Mwalimu kinatikisika kukubali.

Simu ya pili ilitoka Kilembe. Alikuwa mzee, na kabla ya kuanza alikohoa kwa muda mrefu.

"Nilifanya kazi ndani ya mgodi miaka mingi," alisema. "Nimeona watu wakifa. Lakini maji yale yalipokuja, nilijificha nyuma ya kabati. Bibi yangu ndiye alitoa wajukuu. Sijawahi kuyasema. Sasa hivi yuko hapa karibu na mimi, ananiangalia." Akakohoa tena. "Nilitaka asikie nikisema asante."

Tukasikia mwanamke upande wa pili anasema jambo kwa Lhukonzo, kisha simu ikakatika. Fundi aliweka kichwa chake mezani.

Baada ya hapo simu hazikukoma. Mwanajeshi mstaafu wa Bwera alisema kwamba askari anayejisifu haogopi ni yule ambaye hajapigana. Mwanamke wa ng'ambo ya mpaka aliuliza, "Ule mama iko wapi? Tunataka kumuona, atuambie yeye mwenyewe." Msichana wa sekondari aliuliza kama wiki ijayo mke huyu atapewa jina, kwa sababu siku zote tulikuwa tunamwita mke wa fulani. Muda wetu uliisha, vifo vya wiki vikawa vinasubiri kutangazwa, na bado taa ya simu inawaka.

Tulipotoka, Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, miwani yake mkononi. Nilisubiri aseme kwamba ni bahati tu.

"Nimeandika miaka yote hii nikifikiri nawajua," alisema. Kisha akavaa miwani. "Wiki ijayo mnaleta nini?"

Tulileta mengi. Tulileta binti aliyekuwa akirekebisha pikipiki na aliyekuwa na wivu na mdomo mchafu. Tulileta kijana aliyetaka kuoa akashindwa kusema. Mwalimu mwenyewe, baada ya miezi kadhaa, alileta karatasi zake juu ya mume mzee anayemlisha mke mgonjwa kwa kijiko, na wanagombana kwa sababu uji una chumvi. Ni kipindi bora kuliko vyote alivyopata kuandika. Mke yule alikuwa mimi, nami nilicheza nikimpigia kelele mume kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Katika karatasi zile neno analia lilikuwa mara moja tu, na lilikuwa la mume.

Mwaka uliofuata watu walitaka kutuona, tukaanza kuuigiza mchezo wa mafuriko mbele yao, Bwera kwanza, kisha Bugoye, kwenye uwanja wa shule. Bugoye nao wanaujua mto unaofurika. Mubuku unapita hapo hapo kwao. Watu walisimama mpaka barabarani. Tulipomaliza walipiga makofi, kisha mtu akapaza sauti kwamba wanamtaka mwenyewe, yule wa kweli. Wengine wakaitikia. Mke wa fundi alikuwa ameketi mstari wa nyuma na binti zake. Alikataa kwa mkono. Binti zake wakamsukuma.

Alipanda jukwaani taratibu, amefunga khanga kiunoni. Alishika maikrofoni kama mtu anayepokea kikombe cha chai ya moto. Alimtazama mume wake, akanitazama mimi, kisha akawageukia watu.

"Wamesema mlango ulikuwa wa mbao," alisema. "Ulikuwa wa bati. Mengine yote ni kweli."

Kelele zilizofuata zilisikika, watu waliniambia, mpaka ng'ambo ya mto.